Kabla ya Valentine ya Dukani: Watu Wasiojulikana Waliopamba Mapenzi kwa Vitu vya Kutupa

Ikifika tarehe 10 Februari mji wote unaanza kuwa mwekundu. Maduka yanatundika mioyo ya plastiki, wauza maua wanapandisha bei, saluni zinajaa, na kwenye simu swali ni lile lile: "Mwaka huu unapelekwa wapi?" Asiye na hela anaanza kununa mapema. Wengine huchokoza ugomvi makusudi tarehe 12 halafu wanarudiana tarehe 16, ili mradi siku yenyewe ipite bila gharama. Wanajulikana.

Lakini hii habari ya kwamba mapenzi lazima yatoke dukani ni ngeni kuliko watu wanavyodhani. Kwa sehemu kubwa ya historia ya Siku ya Wapendanao, zawadi na mapambo yalitengenezwa nyumbani, mara nyingi kwa vitu ambavyo leo mtu angevisukumia kwenye ndoo ya taka: karatasi chakavu, vipande vya nguo, makombe ya baharini, maganda ya mizinga, hata kitambaa cha parachuti. Na waliovitengeneza hawakuwa mastaa. Walikuwa mabinti wa kawaida, mafundi wa visiwani, askari, washonaji na watoto wa shule. Vitu vyao leo viko makumbusho, nyuma ya vioo, na watu wanalipa kiingilio kwenda kuvitazama. Wao wenyewe, wengi wao, hata majina hawana.

Hii ni historia yao.

Ilianza na barua

Kwanza tuliweke sawa jambo moja. Valentino alikuwa mtakatifu wa Kanisa kabla ya kuwa kisingizio cha kula chakula cha jioni hotelini. Kwa karne nyingi sikukuu yake ya tarehe 14 Februari haikuwa na habari za wachumba. Uhusiano na mapenzi unaonekana kwenye maandishi ya Uingereza mwishoni mwa karne ya 14, pale mshairi Geoffrey Chaucer alipoandika shairi refu kuhusu ndege wanaokutana siku hiyo kuchagua wenza. Ndege ndio waliofungua njia, binadamu wakafuata.

Barua ya zamani kabisa ya Valentine kwa Kiingereza inayojulikana ni ya Februari 1477. Binti mmoja wa Norfolk, Uingereza, alimwandikia mchumba wake akimwita Valentine wake. Na unajua tatizo lilikuwa nini? Mahari! Huko kwao mali ilitoka upande wa binti, na baba yake alikuwa amegoma kuongeza kiasi. Binti akaandika kumsihi kijana asimwache kwa sababu ya hela. Barua yenyewe haina ua wala pambo, ni karatasi na wino tu, na kwa kuwa mabinti wengi wa wakati ule hawakujiandikia, aliyeshika kalamu alikuwa karani wa nyumbani. Mwisho wa siku walioana. Leo barua hiyo imehifadhiwa Maktaba ya Uingereza, London, na kila Februari dunia inaikumbuka.

Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa, karibu miaka 550 iliyopita, swali lilikuwa lile lile la leo: mapenzi bila hela yanasimama?

Karatasi yenyewe ilikuwa nguo kuukuu

Twende mbele hadi miaka ya 1700. Hapa ndipo kumtumia mpenzi kadi ya kutengeneza kwa mkono kulipoanza kushika kasi Uingereza, na kwa Wajerumani waliohamia Pennsylvania, Marekani. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: karatasi ya zama zile haikutokana na miti. Ulaya na Marekani ilitengenezwa kwa matambara. Mashati yaliyochoka, mashuka yaliyotoboka na nguo za ndani za kitani zilikusanywa mtaani na waokota matambara, zikapondwapondwa kuwa rojo, zikatandazwa kwenye chekeche na kukaushwa. Karatasi ya mbao ilikuja kuenea baadaye, katika nusu ya pili ya karne ya 19.

Maana yake nini? Kila barua ya mapenzi ya wakati ule ilikuwa imeandikwa juu ya nguo kuukuu za watu wasiojulikana. Pengine shati la mvuvi ndilo lililogeuka kuwa ukurasa wa "nakupenda" wa mtoto wa tajiri. Kuchakata vitu, ambako leo kunaonekana ni fasheni ya vijana wa mazingira, wakati ule ndiko kulikokuwa kiwanda chenyewe.

Na kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali, watu hawakuichezea. Kipande kimoja kilifanyiwa kila ufundi. Lesi halisi ya kitambaa ilikuwa ya wenye nacho, basi asiye nacho alichukua sindano au pini ya kawaida ya nyumbani, akatoboa tundu moja baada ya jingine pembezoni mwa karatasi mpaka likatokea ua, ndege au moyo. Ukiishika karatasi hiyo mbele ya mshumaa, mwanga unapita kwenye vitundu na picha inawaka. Mamia ya vitundu, kwa kadi moja. Wajerumani wa Pennsylvania wao walitumia mkasi: wanakunja karatasi, wanakata, wakiifungua inatokea mioyo na ndege wawili wawili wakitazamana.

Kulikuwa pia na mtindo wa fumbo. Karatasi moja ya mraba inakunjwa kwa ustadi mpaka inakuwa kifurushi kidogo, bila gundi. Mpenzi akifungua ukunjo wa kwanza anakuta mstari mmoja, wa pili unampa mwingine, na katikati kabisa kuna mchoro wa moyo, au hata shungi la nywele. Ilibidi uifungue kwa utaratibu, maana ukiivuta ovyo unachanganyikiwa na hujui kuirudisha.

Kukunja huko kulikuwa na akili ya kiuchumi pia. Kabla ya 1840, posta ya Uingereza ilitoza kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na mara nyingi anayepokea ndiye aliyelipa. Bahasha ilihesabiwa kama karatasi ya pili. Kwa hiyo watu walikunja barua yenyewe ikawa bahasha. Fikiria mpenzi anakutumia ujumbe halafu bando linakatwa kwako!

Na wale wasiojua kutunga? Walikuwepo tangu zamani, msijifiche. Mwaka 1797 kilitoka Uingereza kitabu cha mistari ya mapenzi cha kuwasaidia vijana wa kiume: unachagua mstari, unaunakili kwenye karatasi yako, unaupeleka kana kwamba umeutoa moyoni. Ujumbe wa kunakili na kubandika una zaidi ya miaka 200.

Meza ya mabinti wa Worcester

Mwaka 1840 Uingereza ikaweka bei moja ya posta: peni moja kwa barua, popote nchini. Mlango ukafunguka. Hata mfanyakazi wa ndani aliweza sasa kutuma kadi, na viwanda vikaona mshiko. Karatasi yenye lesi ya kugonga kwa mashine ikaanza kuuzwa, na kile ambacho binti alikifanya kwa sindano usiku kucha mashine ilikimaliza kwa dakika.

Marekani, jina moja limebaki: Esther Howland wa Worcester, Massachusetts. Alimaliza chuo mwaka 1847, na baba yake alikuwa na duka la vitabu na karatasi. Inasimuliwa kwamba alipata kadi ya Valentine kutoka Uingereza, akaitazama, akasema hii naweza kuipita. Akatengeneza sampuli kadhaa na kumpa kaka yake azipeleke kwenye safari zake za kuuza bidhaa. Alitarajia oda za dola 200 hivi. Kaka akarudi na oda za zaidi ya dola 5,000. Hiyo si mchezo, kwa wakati ule.

Peke yake asingeweza. Akawaita marafiki zake wa kike, wakakaa kuzunguka meza nyumbani kwao. Mmoja anakata picha, mwingine anabandika lesi ya karatasi, mwingine anaweka kipande cha karatasi ya rangi chini ya lesi ili rangi ichungulie kwenye matundu, mwingine anamalizia na utepe. Ni mstari wa kazi kama wa kiwandani, miongo mingi kabla ya viwanda vya magari kuufanya maarufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 aliuza biashara kwa mshindani wake, familia ya Whitney. Alifariki mwaka 1904, na yeye mwenyewe hakuwahi kuolewa.

Yeye anaitwa mama wa Valentine ya Marekani. Wale mabinti wa mezani wanaitwa nani? Hawaitwi chochote. Kadi walizobandika zinauzwa leo kwenye minada, na mgongoni zina alama ndogo ya H. Ni herufi ya mwenye biashara, vidole ni vya watu wengine.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kadi iliyoonekana ya mkono ikawa bidhaa ya dukani, na ile ya mkono kweli, ya karatasi ya nyumbani, ikaanza kuonekana ya mtu asiye na uwezo. Aibu ya kutokununua ilizaliwa karne ya 19. Haikushuka na mapenzi kutoka mbinguni.

Hata hivyo watu hawakuacha. Wanawake wa nyumbani walitunza picha za rangi kutoka kwenye vifungashio na kadi za matangazo ya maduka, wakazibandika kwenye madaftari, na Februari ikifika wakazitumia tena kupamba kadi zao. Kilichokuja kama tangazo kikaondoka kama barua ya mapenzi.

Sanduku la baharia, na gazeti lililotoboa siri

Sasa hii ndiyo tamu kuliko zote.

Katika karne ya 19, hasa kati ya miaka ya 1830 na 1880, mabaharia walirudi nyumbani Uingereza na Marekani na zawadi ya ajabu kwa wake na wachumba zao. Ni sanduku la mbao lenye pande nane, mara nyingi mawili yaliyounganishwa kwa bawaba yakafungika kama kitabu. Ukilifungua, ndani kuna kioo, na chini ya kioo makombe madogo ya baharini yamepangwa moja moja: maua, nyota, dira, moyo, na mara nyingi maneno mafupi ya mapenzi, kama kumwomba mtu asikusahau. Kila kombe limechaguliwa kwa rangi na ukubwa. Watu waliyaita Valentine za mabaharia.

Kwa miongo mingi hadithi ilikuwa moja. Baharia yuko katikati ya bahari, miezi inapita, upepo hakuna, anamkumbuka mpenzi wake. Basi anakaa kwenye sitaha anapanga makombe aliyookota ufukweni, machozi yakimlenga. Hadithi nzuri, ingefaa filamu.

Tatizo ni kwamba watafiti walianza kujiuliza maswali. Mbona mitindo inafanana sana? Baharia wa Uingereza na baharia wa Marekani, waliokuwa hawajuani, walipataje muundo ule ule? Mbona makombe mengi ni ya bahari moja, ya visiwa vya Karibi? Na kwenye meli inayoyumba, nani anapanga makombe madogo kama punje za mtama bila yote kumwagika?

Jibu lilipatikana kwenye taka. Lilipofumuliwa sanduku moja, ndani yake, nyuma ya makombe, zilikutwa karatasi za gazeti kuukuu la Barbados. Fundi alikuwa ametumia gazeti la jana kutandika sanduku, kama vile watu wanavyotandika magazeti kwenye makabati ya jikoni. Makala iliyochapishwa Marekani mwaka 1961 ikaziweka hoja hizo pamoja, na pia ikajulikana kuwa mjini Bridgetown, Barbados, kulikuwa na duka la vitu vya ukumbusho lililouza masanduku haya kwa mabaharia. Barbados ilikuwa kituo kikubwa cha meli. Baharia alishuka, akanunua, akapanda meli, akafika nyumbani na sura ya mtu aliyekesha akipanga makombe.

Kumbe!

Fikiria ni nani hasa waliokuwa wakitengeneza vitu kwa mikono Barbados katika miaka hiyo. Ni kisiwa cha mashamba ya miwa, ambako watu wengi ni wenye asili ya Afrika, na ambako sheria ya kukomesha utumwa ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, kisha uhuru kamili ukaja 1838. Inaaminika kwamba wanawake wa kisiwa hicho ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi ile. Hawakusaini popote. Kwa zaidi ya miaka 100 sifa zao zilichukuliwa na mabaharia waliolipa hela kidogo na kunyamaza. Kama wangetumia karatasi mpya nyeupe kutandika masanduku yao, pengine hata leo dunia ingeendelea kumsifia baharia. Gazeti la kutupa ndilo lililotoa ushahidi.

Mapenzi ya kwenye mahandaki

Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Mamilioni ya vijana wamekaa kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, kwenye matope, wakisubiri. Hakuna duka la zawadi. Kilichopo kwa wingi ni mabaki ya silaha: maganda ya shaba ya mizinga, risasi zilizotumika, vipande vya aluminiamu.

Wakavitumia. Askari wa Ufaransa waliyeyusha aluminiamu iliyotoka kwenye vichwa vya mabomu ya Wajerumani wakafua pete. Maganda ya mizinga yaligongwa kwa nyundo na msumari yakawa vyombo vya kuwekea maua, yenye nakshi za majani na majina ya mahali. Vipande vya chuma vikawa visu vya kufungulia bahasha. Si vyote vilivyotengenezwa chini ya risasi; vingi vilitoka kwenye karakana za nyuma ya mstari wa mbele, kwa wafungwa wa kivita, na kwa raia waliowauzia askari. Lakini vilikwenda kule kule, kwa mtu anayesubiri nyumbani.

Uingereza kulikuwa na vimto vyenye umbo la moyo, vya kuchomekea pini. Ndani vimejazwa unga wa mbao, nje vimefunikwa vipande vya kitambaa cha sare, na juu yake shanga na picha ndogo za hariri ambazo ziliwekwa na kampuni za sigara ndani ya paketi kama zawadi kwa mnunuzi. Askari wengi walivishona wakiwa hospitalini wakiuguza majeraha. Pata picha: kijana wa miaka 20, mkono mmoja una bendeji, anachomeka shanga moja moja kwenye kimto ili mama yake au mchumba wake akiweke mezani.

Hapa hakuna urembo wa kuposti. Ganda lile lile lililokuwa na baruti ya kuua watu, wiki chache baadaye limesimama sebuleni na maua ndani yake. Familia nyingi zilibaki na chombo, mwenyewe hakurudi.

Parachuti lililogeuka shela

Vita ya Pili ilirudisha mchezo ule ule kwa kasi zaidi. Uingereza nguo zilitolewa kwa mgao kuanzia 1941 mpaka 1949, na mwaka 1943 serikali ikatoa kijitabu cha kuwafundisha watu kurekebisha na kugeuza nguo za zamani. Vioo vya plastiki vya ndege zilizoanguka vilichongwa kuwa vidani vya moyo. Marekani, ile kampuni ya Whitney iliyonunua biashara ya Howland ilifunga milango mwaka 1942 kwa uhaba wa karatasi wa wakati wa vita. Kadi za dukani zikapungua, mikono ikarudi kazini.

Lakini kisa kinachopita vyote ni cha rubani mmoja wa Marekani. Agosti 1944, ndege yake ya kivita ilikuwa ikirudi kutoka kushambulia Japani, injini ikawaka moto, yeye na wenzake wakaruka usiku juu ya ardhi ya Uchina. Parachuti likamfikisha chini salama. Usiku ule likawa mto wa kulalia na blanketi la kujifunika. Hakulitupa.

Vita vikaisha, akarudi Pennsylvania, akampata binti. Siku ya kumposa hakuja na pete. Alikuja na furushi la nailoni nyeupe, akamwambia kitambaa hiki kiliokoa maisha yangu, nataka ukishone kiwe gauni la harusi yetu.

Binti alijiuliza atapataje gauni kutoka kwenye furushi lile. Akapata wazo kutokana na gauni aliloliona kwenye dirisha la duka. Akamtafuta mshonaji wa mtaani ashone sehemu ya kifuani na shela la kichwani, yeye mwenyewe akashona sketi. Zile kamba za parachuti hakuzing'oa: alizivuta, kitambaa kikapanda mbele na kurefuka nyuma kama mkia. Walioana Julai 1947. Miaka baadaye binti yao akalivaa kwenye harusi yake, na mke wa mtoto wao wa kiume naye akalivaa. Leo liko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Maharusi wale wanajulikana kwa majina. Yule mshonaji wa mtaani aliyeshona sehemu iliyokaa juu ya moyo, naye jina lake limehifadhiwa.

Boksi la viatu darasani

Baada ya vita, viwanda vya kadi vilirudi kwa nguvu. Lakini Marekani mila moja ya mkono ilibaki, na iliwekwa na watoto. Kila Februari, mwanafunzi wa shule ya msingi analeta boksi tupu la viatu. Analifunga kwa foili ya jikoni au karatasi iliyobaki kwenye zawadi za Krismasi, anakata mdomo juu kama sanduku la posta, anabandika mioyo. Wenzake wanapita wakitumbukiza vikadi.

Limeonekana jambo dogo, lakini shule nyingi ziliweka masharti: ukileta kadi, leta za darasa zima. Sababu iko wazi. Mtoto anayefungua boksi lake na kukuta kadi mbili huku jirani ana 25 halisahau hilo maisha yake yote. Boksi la bure, tena la viatu, likawa somo la kwanza la kwamba siku hii inaweza kumuumiza mtu.

Na huku kwetu?

Siku ya Wapendanao yenyewe ni mgeni Afrika Mashariki, lakini ufundi wa kugeuza kitu kuukuu kiwe ujumbe si mgeni hata kidogo. Leso, mama wa khanga, ilianza karne ya 19 pale wanawake wa pwani waliponunua vitambaa vya mkononi vikiwa havijakatwa, wakaviunga pamoja wakapata vazi jipya. Jina lenyewe limetokana na neno la Kireno la kitambaa hicho. Baadaye vazi likapata maneno, na wanawake wakawa wanatumiana salamu za mahaba na vijembe bila kufungua midomo. Kopo tupu likawa koroboi, na wangapi wamepata wachumba chini ya mwanga wake! Tairi likawa katambuga. Uganda, kina mama hukata kalenda na magazeti ya zamani, wakaviringisha vipande, wakavipaka vanishi vikawa shanga zinazouzwa hadi Ulaya na Marekani. Kama wale wa Barbados, mnunuzi anaondoka na kidani, jina la aliyeviringisha linabaki nyumbani.

Na kuna upande mwingine wa mnyororo. Mawaridi mengi yanayotolewa Ulaya tarehe 14 Februari yamechumwa Naivasha, Kenya, na wafanyakazi ambao wiki hizo ndizo wanazochapa kazi kuliko zote. Mkono usiojulikana bado upo. Umehama tu.

Wakati huo huo serikali zimeibana plastiki: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Mifuko imepungua, lakini mioyo ya plastiki, riboni za kumetameta na mabaluni bado vinatundikwa asubuhi na kutupwa usiku. Mapambo ya kale yalitoka kwenye taka yakaenda makumbusho. Mengi ya leo yanatoka dukani yakaenda dampo.

Ukitaka kujaribu ufundi wao

Vitu vitatu vya kale, gharama karibu sifuri:

*Karatasi ya pini.* Chukua karatasi nzito, hata upande mweupe wa boksi la sabuni. Chora moyo kwa penseli, weka juu ya kitambaa kilichokunjwa, toboa kwa pini ukifuata mstari. Izungushie chupa ya jemu, washa taa ndogo ya betri ndani. Mwanga ukipita kwenye vitundu, chumba kinabadilika. Usiweke mshumaa hapo, karatasi itashika moto.

*Barua ya fumbo.* Kata karatasi ya mraba. Ikunje sehemu tatu sawa, ifungue, geuza upande wa pili uikunje tatu tena: unapata miraba 9. Andika jambo moja kwenye kila mraba, kubwa kuliko yote weka la katikati. Ikunje tena iwe ndogo, ifunge kwa uzi.

*Kimto cha moyo.* Kata mioyo miwili kutoka kwenye khanga iliyochanika au shati la zamani lenye kumbukumbu kwenu wote wawili. Shona pembeni, acha tundu, jaza vipande vya nguo, malizia. Sio lazima kiwe kizuri. Vile vya askari havikuwa sawa pande zote, na ndivyo vinavyowaliza watu.

Sasa kuna atakayesema huu ni ubahili umevikwa historia. Hoja yake ina uzito kidogo: mtu mwenye uwezo akikupa boksi la sabuni kwa sababu tu hataki kutoa, hilo si pambo, ni dharau. Tofauti iko kwenye kilichotolewa. Binti wa sindano alitoa usiku mzima. Rubani alitoa kitu pekee kilichosimama kati yake na kifo. Na yule baharia wa Barbados, kwa uzuri wote wa sanduku lake, alitoa hela na hadithi ya uongo.

Hivyo tarehe 14 mtu akikuletea kitu kilichopinda, chenye gundi iliyomwagika, kabla hujacheka kigeuze uangalie nyuma. Na kama umetengeneza wewe, andika jina lako na mwaka. Wale wote hawakufanya hivyo, na ona ilichukua muda gani kuwajua hata kidogo.